Pakiti ya chumvi: barua kwa mwanangu Juma

Mwanangu Juma,

Salaam. Huku Tandika wazima, ila goti langu ndilo lile lile. Nakuandikia habari ya presha na chumvi, kwa sababu kwenye simu unaniwahi na "sawa mama, nimeelewa", na hujaelewa.

Mwezi uliopita hilo goti lilinipeleka zahanati. Nesi akanifunga mashine mkononi: 158 kwa 96. Nikambishia. Kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina, presha itoke wapi? Akanipumzisha, akarudia, ikaja ile ile. Akaniuliza goti nalitibu na nini. Nikamtajia diklofenaki za duka la dawa, mbili kwa siku tangu mfungo. Akaguna. Kumbe vidonge vile hufanya figo zing'ang'anie chumvi na maji, na presha ikapanda kimyakimya. Nami nilikuwa nawagawia majirani!

Chumvi nikaapa situmii nyingi. Nilipofika nyumbani nikaandika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti mpya ya nusu kilo. Tupo watatu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai; kwa hesabu hiyo pakiti ingetuvusha mwezi. Iliisha siku ya 14. Na hapo sijahesabu vile vidonge vya supu ninavyovunjia kwenye mchuzi, navyo vimejaa chumvi.

Sasa wewe. Nilikuona kwa muuza chipsi: ameshazinyunyizia, nawe ukachukua kopo ukatikisa tena kabla hujaonja hata moja. Halafu mpira wa Ulaya unakukesha mpaka saa saba usiku, na saa kumi alfajiri umeshatoka Chanika kukwepa foleni. Ukisinzia kazini, unafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Usingizi ukikatwa hivyo kila siku, presha haikuulizi una miaka mingapi.

Dada yako kanunua mashine. Jumapili ukija usiivae ukiwa ndiyo kwanza umeshuka kwenye daladala unahema. Kaa dakika tano, miguu chini, mgongo uegemee, na mdomo ufunge, maana ukiongea namba hupanda. Najua hilo la mdomo litakushinda.

Mchuzi utauona umepooza, ndimu zipo. Kopo la chumvi la mezani nimelificha, na dada yako hajui lilipo, usimsumbue.

Mama yako