Barua kwa mwanangu aliyenitumia hesabu ya kuku na mbuzi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako ulinifikia juzi baada ya Isha, na ile karatasi ya hesabu uliyoipiga picha nimeisoma mara tatu. Nakujibu wazi, mbele za watu, kwa sababu wewe ni wa nne katika ukoo wetu kuniuliza jambo hili, na wale watatu waliotangulia niliwajibu kwa simu, maneno yakapotea.

Umeandika kwamba mwisho wa mwaka utaacha kazi Mombasa uje huku bara ya Lamu, kwenye shamba la babu yako, uanze na makoo 20, yaani kuku majike wanaotaga, na mbuzi majike 10. Kila koo atatotoa vifaranga 12 mara tatu kwa mwaka, ndio kuku 720. Kila mbuzi atazaa pacha mara mbili, ndio wana 40. Kuzidisha kwako ni sahihi. Lakini tangu nilipohama kisiwani nikaja kuishi huku ndani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya mji mdogo wa Hindi, sijauona mwaka uliotoa hesabu ya namna hiyo, wala simjui mfugaji wa Witu au Mkunumbi aliyeuona. Mali ya mfugaji wa huku hupotea ingali changa. Mtu huogopa chui, naye chui nimemsikia mara mbili tu katika miaka yote hii, ilhali vifaranga na wanambuzi huondoka mmoja mmoja kila juma bila kelele, na ukija kuhesabu mwisho wa mwaka hujui walikokwenda.

Tuanze na yai. Koo wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15, kisha huatamia siku 21. Miezi ya kaskazi, jua linapokuwa kali na upepo mkavu, yai lililoachwa mahali pa joto huanza kuharibika kabla koo hajaanza kulalia, kwa hiyo mimi huokota kila siku, nikayahifadhi ndani ya mtungi uliojazwa pumba, mahali penye kivuli, na siku koo anapokataa kutoka kiotani ndipo namrudishia yale yasiyozidi juma moja na nusu. Hata hivyo, katika mayai 12 nategemea vifaranga tisa. Mengine huwa viza, na kuna koo mwenye haraka ambaye huinuka siku ya ishirini na moja na vifaranga vya kwanza, akayaacha mayai ambayo yangepasuka kesho yake.

Sasa zinaanza wiki sita ambazo hesabu yako imeziruka, nazo ndizo kazi yenyewe. Mchana kuna mwewe na nguchiro. Chini ya mikorosho kuna kenge, ambaye hula mayai na vifaranga pia. Usiku, hasa mvua za masika zinapoanza, kuna siafu, na hao ndio walionifundisha ufugaji kwa uchungu kuliko kitu chochote. Mwezi wa Mei wa mwaka wangu wa pili walipanda bandani usiku wa manane, nami nilikuwa nimelala kwa kuchoka palizi. Asubuhi nilimkuta koo wangu mweupe amekufa pale pale, mbawa zake zimekunjuliwa juu ya vifaranga kumi na kimoja, hakuna hata kimoja kilichosalia. Angeweza kuwakimbia, lakini hakukimbia. Tangu siku hiyo banda langu limesimama juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya injini, na nyasi zimefyekwa pande zote ili pasiwe na jani la kuwavusha. Kila usiku wa mvua huamka mara moja na tochi kulizunguka. Usiku huo wa kuamka uuweke katika karatasi yako, kwa maana hakuna wa kuamka kwa niaba yako.

Mchana, koo na vifaranga vyake nawafunika kwa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa. Wavuvi wa Mokowe, gati la kuvukia kisiwani, huniachia madema yaliyokwisha kazi ya baharini. Nikiziba pale yalipopasuka kwa makuti, yanatosha kumzuia mwewe na hewa inapita vizuri. Wiki tatu wanakaa chini ya dema, nalihamisha kila asubuhi mahali papya pasafi. Kisha nawaachia saa chache, na hapo kanga wangu wawili ndio walinzi, kwa sababu kanga humwona mwewe angali mbali akapiga yowe ambalo hata mimi nikiwa kisimani nalisikia.

Kuhusu chakula, usiandike magunia ya kununua kwa ajili ya vifaranga wa kienyeji. Chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua makavu ya mahindi na samadi iliyoloweshwa kidogo, ukipindue juu ya tundu la kichuguu wakati wa jioni, ukifunike kwa gunia lililolowa. Mchwa hupanda usiku wakaingia ndani, na asubuhi una shibe ya vifaranga ishirini isiyokugharimu senti. Machicha ya nazi nayo ni mema yakianikwa siku hiyo hiyo, lakini yakichacha yatupe. Mahindi yenye ukungu usimpe kuku kwa kuona hasara kuyatupa. Unyevu wa pwani huleta sumukuvu, na sumu hiyo huua kifaranga polepole, nawe ukadhani ni ugonjwa mwingine.

Umeuliza pia kama ununue kuchi watupu. Kuchi ni kuku wa kwetu, mrefu, kifua mbele, na watu wa Lamu humjua na kumlipia kuliko kuku wengine. Nampenda. Lakini koo wake kwangu hutaga machache, mwili wake mzito huvunja mayai anapoatamia, na majogoo wake hupigana mpaka kufa. Nachanganya: jogoo mmoja wa kuchi kwa makoo wa kawaida, na ndani yao wapo kishingo wawili, ambao huvumilia joto vizuri kwa kuwa shingo zao hazina manyoya.

Kideri, ugonjwa mbaya wa kuku, nimekiacha makusudi nikizungumzie peke yake, kwa kuwa ndicho kinachoweza kukutoa kuku mia hadi sifuri ndani ya juma moja. Kuku hujikunyata, hutoa kinyesi cha kijani, wengine hupindisha shingo, na asubuhi unaokota mizoga. Dawa yake haipo. Kuna chanjo tu, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wote wakubwa na wadogo, wakiwa wazima. Ukimchanja aliyekwisha kuambukizwa hutamwokoa. Kichupa kimoja huchanja kuku wengi kuliko ulio nao, tena kikishafunguliwa na kuchanganywa hakiwekwi, kwa hiyo hapa kwetu nyumba saba tumekubaliana siku moja, tunachangishana, tunachanja kijiji kizima kuanzia alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Nyumba moja ikikosa, mlango wa kideri umebaki wazi kwa wote. Mwaka 2019 mimi ndiye niliyekosa. Nilikuwa kisiwani kwenye Maulidi, nikasema nitachanja nikirudi, na niliporudi nilikuja na majogoo wawili niliouziwa njiani kwa bei nzuri. Nilizika kuku 64, na majirani wawili walizika wao kwa sababu yangu. Niliwaomba radhi mlango kwa mlango. Kuku mgeni sasa hukaa peke yake majuma mawili, nyuma ya jiko, hata akiwa zawadi kutoka kwa ndugu.

Kwa mbuzi nitakuwa mfupi zaidi, maana hapa hesabu yako imekosea mapema. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kisha hunyonyesha, na jike anayezalishwa mara mbili kwa mwaka hukonda, akazaa wana dhaifu. Weka uzazi usiozidi mara tatu katika miaka miwili, wala usitegemee pacha kutoka kwa mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Mimi humfungia beberu mbali, nikamwachia mwezi wa Februari, ili wana wazaliwe Julai, mvua kubwa ikiwa imepita na majani bado yapo. Wale waliozaliwa Mei, katikati ya masika, nilikuwa nawapoteza nusu kwa mapafu na minyoo. Mwana akizaliwa, hakikisha amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo. Ikiwa mama anamkataa, mfunge mama mguu ukamkamulie mwana mdomoni. Mpake kitovu dawa ya iodini. Na banda liinuliwe, lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili mkojo na kinyesi vianguke chini, kwa sababu mbuzi anayelala pakavu hahitaji nusu ya dawa ambazo maduka yatakuuzia.

Mbuzi anaulipa uangalizi huo. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, majirani zetu wafugaji wa ng'ombe walipoteza mali ya vizazi, nasi tulivuka kwa kuwa mbuzi hula vichaka na maganda ya migunga. Kisha mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikaja kwa hasira, na maji yakaikata barabara ya kutoka Garsen. Baada ya mvua hizo majike wangu watatu waliharibu mimba katika juma moja. Nakusihi ulishike hili: mimba ya mbuzi ikiharibika, usiiguse kwa mikono mitupu, usimchinje mgonjwa, wala usinywe maziwa yasiyochemshwa. Mvua kubwa za mwaka 1997 na za mwaka 2006 zilileta homa ya Bonde la Ufa hapa Kenya, na watu walikufa, wakiwemo walioshika damu na mizoga. Niliwafunga mbuzi wangu kando, nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikafukia chini sana, nikamwita bwana mifugo aje achukue damu. Haikuwa homa hiyo, alhamdulillahi, lakini kwa siku tisa za kusubiri sikumruhusu mtoto yeyote kukaribia zizi.

Soko lako litakuwa kisiwani, na kisiwani mbuzi mzuri ni wa udhiya, wa kuchinjwa Idi, na wa akika ya mtoto. Wanunuzi watamfungua kinywa waone kama ametimiza mwaka, watamtazama macho, miguu, pembe na masikio. Kwa hiyo usimkate sikio kumtia alama kama wafanyavyo wengine, kwa maana umemtia dosari kabla hajafika jahazini. Mimi huwavisha kamba ya rangi shingoni. Uwapeleke Mokowe siku moja kabla, wakae chini ya kivuli, wanywe maji, kisha wavushwe wakiwa wamesimama. Mbuzi aliyefungwa miguu minne akarushwa ndani ya mashua hufika ameumia, na aliyemfanyia hivyo ataulizwa.

Ulitaka hesabu, nami nakupa yangu ya mwaka uliopita, imeandikwa daftarini. Makoo wanane, vifaranga 171 vilivyototolewa, 98 waliofika miezi mitatu. Mbuzi majike sita, wana saba, watano wako hai. Nimeuza kuku 60 na mbuzi watatu. Fedha hizo zimelipa karo ya binti yangu kwa muhula mmoja na nusu na zikatengeneza paa, na tumekula nyama na mayai bila kukopa kwa mtu. Mwaka wa kwanza sikuuza chochote.

Kwa hiyo usinunue 20 wala 10. Nimekutengea matembe watano, kuku majike ambao hawajaanza kutaga, jogoo mmoja ambaye si ndugu yao, na mtamba mmoja mwekundu ambaye mama yake hajawahi kumkataa mwana. Kaa nao kwangu mwaka mzima, mvua hadi mvua, ndipo uende shamba la babu yako. Siku yetu ya chanjo ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na zamu ya kuileta ni ya nyumba yangu. Ukipita Mokowe Ijumaa, ichukue kwenye duka la dawa za mifugo, wakufungie na barafu, usiiweke juani wala karibu na injini. Bodaboda wa kukuleta kutoka Hindi nitamtuma mimi. Mwambie aendeshe polepole. Njoo na buti za mpira na tochi yenye betri mpya, maana usiku huo huo zamu ya kulizunguka banda itakuwa yako.

Shangazi yako