Barua kwa mwanangu: mbio 158 za Basil D'Oliveira

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini timu ya kriketi ya Afrika Kusini haina hata mechi moja ya testi, yaani mechi kuu ya siku kadhaa kati ya mataifa, kati ya Machi 1970 na Aprili 1992. Ukimfahamu Basil D'Oliveira utakuwa umelishika shina la jambo hilo.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Utawala wa makaburu ulimwandika katika kundi la machotara, kwa hiyo timu ya taifa hakuiweza hata angepiga mbio mia, yaani alama mia za mpigaji, kila Jumapili. Timu hiyo ilikuwa ya Wazungu watupu, nayo ilicheza testi na Uingereza, Australia na New Zealand tu. Wasio Wazungu walikuwa na chama chao. D'Oliveira akawa nahodha wao, na mwaka 1958 akawaleta kucheza huku kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1960, kwa msaada wa mtangazaji John Arlott, alipata mkataba katika klabu ya Middleton, karibu na Manchester. Hapa wewe mpigaji usome taratibu. Kwao alizoea mkeka uliotandikwa juu ya ardhi ngumu, ambapo mpira hudunda juu na kufika upesi. Kwenye nyasi za Uingereza zilizolowa mvua, mpira hudunda chini, huchelewa, kisha hukata pembeni. Ukipiga kwa mazoea ya mkeka unauwahi: bati linatangulia, mpira unapaa, unadakwa. Ndiyo maana wiki za kwanza zilimtesa. Dawa yake ni kuusubiri mpira ufike chini ya macho, mkono wa chini uulegeze, na bati usilinyanyue mno nyuma. Alijifunza, na miaka sita baadaye, 1966, aliichezea Uingereza akiwa na miaka 34. Umri alikuwa ameupunguza, maana alijua wachaguzi hawamwiti mgeni wa miaka hiyo.

Sasa njoo 1968, na uzifuate tarehe. Mwisho wa mwaka Uingereza ilipangiwa ziara ya Afrika Kusini. Mwezi Juni, pale Old Trafford, D'Oliveira alipiga 87 bila kutolewa dhidi ya Australia, na mechi iliyofuata akaachwa. Katikati ya kiangazi akaahidiwa pauni 4,000 kwa mwaka, kwa miaka 10, akafundishe kriketi Afrika Kusini, mradi atangaze mapema kwamba hayupo kwenye ziara. Hakukubali. Agosti, mpigaji Roger Prideaux aliugua, D'Oliveira akaitwa mechi ya mwisho, uwanja wa Oval. Alipofika mbio 31 mlinda wiketi wa Australia, Barry Jarman, aliuangusha mpira wake badala ya kuudaka, akaponea kutolewa. Akaendelea hadi 158. Siku ya mwisho, tarehe 27, mvua ilijaza uwanja maji, watazamaji wakasaidia kuyakausha. Australia walipong'ang'ania, D'Oliveira ndiye aliyemtoa Jarman na kufungua mlango, kisha mrushaji mwenzake Derek Underwood akamaliza kazi, dakika chache kabla ya muda kwisha.

Jioni ileile wachaguzi walikaa hadi usiku wa manane. Kesho yake majina ya ziara yakasomwa, lake halimo. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kiufundi: ugenini wanamhesabu kuwa mpigaji tu, urushaji wake hautoshi, na wapigaji bora kuliko yeye wapo. Sababu ya namna hii ndiyo ngumu kuipinga, kwa kuwa kila timu huacha watu wazuri. Lakini tarehe 16 Septemba, Tom Cartwright alijitoa kwa jeraha la bega. Cartwright alikuwa mrushaji. Nafasi yake wakampa D'Oliveira, yule waliyesema urushaji wake hautoshi. Hoja yao ikavunjika mikononi mwao wenyewe. Tena tangu Machi, vigogo wachache wa MCC, klabu ya kriketi ya Uingereza iliyosimamia ziara, walikuwa wameshapata ujumbe kwamba Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, hatampokea mchezaji huyo, na waliuficha kwa kamati nzima. Hilo linaniuma kuliko maneno ya Vorster, kwa sababu Vorster hakujificha.

Tarehe 17 alisema Bloemfontein kwamba hiyo si timu ya MCC bali ya wapinga ubaguzi. Tarehe 24 ziara ikafutwa. Mwaka 1970 ziara ya Afrika Kusini kuja Uingereza nayo ikafutwa baada ya maandamano na shinikizo la serikali, na mlango ukafungwa kwa miaka 22 unayoiona kwenye kitabu chako.

D'Oliveira alicheza testi 44, mbio 2,484, wastani 40.06, na ya mwisho ilikuwa mwaka 1972 akiwa na miaka 40. Unapoulinganisha wastani huo na wa wengine, kumbuka kwamba wao walihesabiwa tangu ujanani. Miaka yake ya 20 hadi 33 haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Baba yako