Kwa mdogo wangu aliye kwenye baridi: kuhusu vitabu vya kutisha

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na mama amefurahi kusikia koti limepatikana. Huku sote wazima. Jua ni kali, korosho zimeanza kuanguka, na kuanzia hapa mpaka Tandahimba watu wanazungumzia mnada tu. Ukimtajia mtu kitabu anadhani ni daftari la chama cha msingi. Kwa hiyo swali lako limebaki kwangu.

Umesema wewe na wenzako wa nyumba moja huko Uingereza mmekubaliana kila mmoja alete kitabu kimoja cha kutisha, mvisome Oktoba hii hadi tarehe 31, Halloween, ile siku yao ya maboga yaliyotobolewa macho. (Boga zima, halafu hawalili! Lakini tuyaache.) Wewe ndiye hujachagua bado. Nakujibu hadharani kwa sababu kwenye kundi la familia haikuwezekana: Mjomba alituma ujumbe mrefu wa sauti kwamba mambo ya majini hayachezewi, Shangazi akafuatisha dua, na tangu hapo hakuna aliyetaja kitabu hata kimoja.

Uzuri ni kwamba uko mahali panapofaa. Huku Mtwara jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, madirisha yako wazi, redio ya jirani inasikika mpaka jikoni, na muuza samaki hajamaliza kuita. Mzimu gani utavumilia kelele hizo? Uingereza saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, giza linaingia kabla hata ya saa kumi na moja jioni. Hadithi ya kutisha inataka jioni ndefu. Na msijifunge na tarehe 31: Waingereza wa zamani hadithi zao za mizimu walizipenda zaidi wakati wa Krismasi, wamekaa kwenye moto. Msipomaliza Oktoba, endeleeni tu.

Sasa kuchagua. Kipimo changu mimi ni mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Ulikuwa mdogo tulipokuwa tunapelekwa kwa bibi Newala, lakini sidhani umesahau: kinyago kinatokea, ngoma zinabadilika, wanawake na watoto wanatimka. Zamani asiyepita jandoni hakutakiwa kujua kwamba ndani yumo mtu. Aliambiwa ni mfu amerudi. Vinyago vyenyewe vimechongwa kwa mti mwepesi, vingine vimepachikwa nywele halisi za binadamu, na hizo nywele ndizo zilizokuwa zikinimaliza. Siku hizi kila mtu anajua ndani yupo mtoto wa fulani, tena anamjua kwa miguu yake. Bado wanakimbia. Wanakimbia wanacheka, wanarudi kuchungulia, wanakimbia tena, na jioni kila mtu anakwenda kwao mzima.

Hofu ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta kitabuni. Iko nyingine siitaki, ile inayomnyooshea kidole mtu aliye hai. Bibi alikuwa akitutishia mumiani, na hakuitunga yeye. Enzi za ukoloni watu wengi wa Afrika Mashariki waliamini kabisa kwamba wazima moto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Tena angalia tofauti: mnyonya damu wa Wazungu anaishi kwenye ngome mlimani, wa kwetu alikuwa na gari la zimamoto na mshahara wa serikali. Uvumi wa namna hii hauishii kwenye kuogopa. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, zimwi la usiku, kule Zanzibar, familia zililala nje kwa makundi, na mtu mmoja aliyekuwa na matatizo ya akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi ukaenea uvumi wa wanyonya damu, watu wakauawa na umati, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye baadhi ya wilaya. Hiyo nayo ilikuwa Septemba na Oktoba.

Ndiyo maana nasita kukwambia upeleke *Mirathi ya Hatari*, ingawa ni riwaya nzuri. Ya mwaka 1977, ya C. G. Mung'ong'o: kijana anarithishwa uchawi na baba yake. Isome wewe, tena isome mchana. Lakini kuipeleka kwenye meza ya watu wasiotujua, wakaichukulia kama burudani ya Afrika, hapana. Nchi hii kuna vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Kitabu hakina kosa hapo. Nawahofia wasomaji.

Mwenzako mmoja nina hakika ataleta *Dracula*, kile cha mnyonya damu wa Wazungu. Mwache alete, na wewe usome, kwa sababu kuna jambo pale utaliona wewe peke yako. Kitabu hicho cha 1897 karibu chote kimeandikwa kwa barua na kumbukumbu za kila siku, kuanzia tarehe 3 Mei hadi 6 Novemba, na Oktoba ndipo msako wenyewe umepamba moto. Mnaweza kukisoma kwa tarehe zake: leo mnasoma ya leo, kesho ya kesho. Mimi nilijaribu na nikashindwa kujizuia, nikawa naruka mbele.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Yule bwana anayetisha ni mgeni. Anatoka mashariki, anafika kwa meli kwenye mji wa bandari, amenunua nyumba karibu na London kabla hajaiona. Kiingereza amejifunza kwenye vitabu, na anamzuia kijana mmoja Mwingereza ngomeni kwake kwa muda, pamoja na sababu zake nyingine mbaya, ili azoee lafudhi. Hataki mtu amsikie barabarani London akasema huyu si wa hapa. Si ulinieleza juzi ulivyorudia sentensi ileile kwenye basi mpaka dereva akakuelewa? Nilipofika kwenye kurasa zile nililionea huruma jitu lile, Mungu anisamehe. Halafu linanyonya watu damu na huruma inaisha. Waulize wenzako wao wanaogopa nini hasa: meno, au nyumba ya jirani kununuliwa na mgeni? Mazungumzo yatakuwa marefu kuliko kitabu.

*Frankenstein*, hadithi ya jitu lililoundwa na mwanasayansi, pia italetwa na mtu. Haitishi sana, inasikitisha. Kilichonivutia mimi ni ilikotoka: volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka mwaka 1815, vumbi likafunika anga, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Msichana wa miaka 18 akafungiwa ndani na mvua huko Uswisi pamoja na rafiki zake, wakashindana kutunga hadithi za mizimu. Yake ikatoka kitabu mwaka 1818. Ukikwama ndani kwa mvua, jua hujaanza wewe.

Chako kiwe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Najua utasema hicho ni cha upelelezi. Subiri. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wako tayari kabisa kuamini kwamba waliokufa zamani wamefanya kazi yao, na msomaji naye anaanza kuamini. Ndipo anaingia mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, hana haraka, anauliza maswali yasiyo na adabu. Kilitoka mwaka 1960 na bado kinanitia baridi mgongoni pale mwanzoni, kisha kinanitoa upande wa pili nikiwa na akili zangu. Kinyago kinavuliwa mbele ya watu wote. Ndani ni nani, sikwambii.

Tatizo la lugha lisikusumbue. Usijaribu kuwatafsiria neno kwa neno, utawachosha na utajichosha. Wasimulie, jioni moja kipande kimoja, kama bibi alivyokuwa anatusimulia. Wafundishe kwanza kuitikia paukwa, wakikataa usianze. Nakala yangu imetoka jalada, lakini kurasa zote zipo. Nimeshampa mtu anayesafiri wiki ijayo kupitia Dar, pamoja na korosho zilizokaangwa. Korosho ni za watu wote nyumbani, usizifiche chumbani.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Jioni ya kwanza ukifika pale maiti inapoonekana, nyamaza, funga kitabu, waage, nenda kalale. Waache wakugongee mlango.

Dada yako,
Mikindani