Mkataba wa gesi ya Likong'o tuusome na sisi

Ndugu Mhariri,

Kodi ya madini ikizungumzwa hapa nchini, mjadala huishia kwenye mrabaha, yaani asilimia ya thamani ya madini ambayo mgodi huilipa serikali. Wa dhahabu ulikuwa 3%, sheria ya 2010 ikaupandisha hadi 4%, mwaka 2017 ukafika 6%. Asilimia hukumbukika kirahisi. Lakini sisi tuliokuwa Kahama kabla mgodi wa dhahabu wa Buzwagi haujaanza kuchimbwa tunajua kwamba fedha nyingi zilipotelea kwenye vifungu vya mikataba.

Chukua ushuru wa huduma. Sheria iliipa halmashauri 0.3% ya mauzo. Mikataba ya migodi mikubwa ikaweka dola 200,000 kwa mwaka, basi. Kwa mgodi uliouza dhahabu ya dola milioni 300, asilimia hiyo ilikuwa dola 900,000. Dola 700,000 za madarasa na zahanati zilibaki kwa mwekezaji, na diwani wa kata yenye mgodi hakuwa na la kusema kwa kuwa mkataba wenyewe hakuwahi kuuona. Hilo linaniuma hadi leo. Mikataba ya awali ilimruhusu pia mwekezaji kuongeza 15% kila mwaka juu ya gharama za mtaji ambazo hajazirudisha, hivyo hasara ya vitabuni ikazidi kukua na kodi ya mapato ya 30% ikasogezwa mbele miaka nenda rudi.

Mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London, Februari 2007. Mbunge Zitto Kabwe alipouhoji bungeni mwaka huohuo, akasimamishwa kuhudhuria vikao vya Bunge. Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini iliundwa baadaye, saini zikiwa zimeshawekwa.

Tumepiga hatua, nakiri. Tangu 2017 serikali inapata hisa zisizopungua 16% migodini bila kuzilipia, na Bunge lina mamlaka ya kupitia mikataba ya rasilimali. Sheria ya uwazi ya 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani.

Sasa kuna mradi wa kusindika gesi asilia wa Likong'o, Lindi, mkubwa kuliko mgodi wowote tuliowahi kuwa nao. Namwomba Waziri wa Nishati autoe mkataba wake wote, pamoja na viambatisho vya kodi, na autoe kwa Kiswahili, ili madiwani wa Lindi waujue mapema kuliko wetu wa Kahama.

Msomaji wako,
Kahama