Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnyama, Msongo na Nafasi ya Kujinusuru

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawaletea taarifa ya mwaka huu. Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina, na kumbukumbu za vikao katibu ameshazisambaza, kwa hiyo mambo ya uendeshaji nayaacha hapo. Nafasi kubwa naipa mada tuliyokubaliana kuisoma pamoja: ubongo unaamuaje mnyama apambane, akimbie au atulie tu pale anapobanwa.

Tulianzia kwenye msingi. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza kwamba panya waliopigwa na baridi, waliojeruhiwa na waliopewa sumu walipatwa na mambo yaleyale: tezi za adrenali zilizo juu ya figo zilivimba, thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, ikasinyaa, tumbo likatoka vidonda. Leo mnyororo wa mwitikio huo wa msongo tunaufahamu. Hipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni inayoiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake; pituitari huzituma adrenali kazini, nazo humwaga homoni ya msongo: kotikosteroni kwa panya na ndege, au kotisoli kwa mbwa, nguruwe na samaki wengi. Breki nayo ipo. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni hiyo inarudi na kunasa ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na baadaye ikafahamika kwamba sehemu hiyo husaidia kuuzima mnyororo ulioanzishwa.

Kwa wenzetu wanaopima homoni kwenye damu na kinyesi nasisitiza jambo moja. Kiwango kikipanda, hakijathibitisha kwamba mnyama anateseka. Hupanda pia anapojamiiana na anapokimbia kwa hiari yake. Ripoti inayotoa namba ya homoni bila kusema mnyama alikuwa anafanya nini ni nusu ya ripoti.

Kikao kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote, na kwa haki, kilihusu majaribio ya mtafiti Steven Maier na wenzake. Panya wawili huwekwa kwenye visanduku viwili, mikia yao ikipitishiwa umeme kwa wakati mmoja. Mmoja ana gurudumu mbele yake. Akilizungusha, umeme hukatika kwa wote wawili. Gurudumu la mwenziwe halikati chochote. Kwa hiyo wote hupata umeme uleule, kwa muda uleule. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja ana la kufanya na mwingine hana. Baadaye, yule asiyekuwa na la kufanya akiwekwa mahali ambapo kutoroka kunawezekana, mara nyingi hatoroki, na akiletewa panya mchanga mgeni hana hamu ya kumnusanusa. Mwenye gurudumu huishi karibu kama ambaye hakupigwa umeme kabisa.

Mwaka 2005 José Amat, Maier na wenzao walilizima kwa dawa eneo la ndani la gamba la mbele la ubongo wakati panya akiwa na gurudumu lake. Panya aliendelea kulizungusha vizuri na umeme ulikatika kama kawaida, lakini baadaye alikuwa mnyonge sawa na mwenziwe asiyekuwa na uwezo wowote. Kumbe kuukata umeme peke yake hakutoshi; gamba hilo lazima litambue kwamba mnyama ndiye aliyeukata, kisha likitulize kiini cha rafe kilichopo kwenye shina la ubongo, ambacho kisipotulizwa humwaga serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, kupita kiasi. Mwaka 2016 Maier na Martin Seligman waliandika upya nadharia yao ya tangu mwaka 1967. Awali walidhani mnyama hujifunza unyonge. Sasa wanasema unyonge ndio mwitikio wa asili wa msongo unaodumu, na kinachofunzwa ni kutambua kwamba kuna la kufanya. Mimi naona hili ndilo jambo zito kuliko yote tuliyosoma, kwa sababu linahamishia mzigo kwetu tunaofuga, tunaotibu na tunaochunguza: mnyama asipopewa nafasi ya kutenda, ubongo wake hauna cha kutambua.

Sehemu nyingine tulizigusa kwa kifupi. Eneo la kijivu la ubongo wa kati lina safu zake: likichochewa juu na pembeni mnyama hukimbia au hushambulia, likichochewa chini hutulia na shinikizo la damu hushuka. Amigdala na habenula, sehemu nyingine mbili za ubongo, zinastahili vikao vyake mwakani.

Palipowaka moto ni kwenye jaribio la kuogelea lililoanzishwa na Roger Porsolt mwaka 1977. Panya hutiwa kwenye chombo cha maji kisicho na njia ya kutokea, na muda anaoelea bila kutapatapa huhesabiwa kuwa kukata tamaa. Wanachama walipinga kwa nguvu, nami nipo upande wao. Panya aliyekwishapima kuta zote akaona hakuna pa kutokea, akielea anahifadhi nguvu. Huko nako ni kukabiliana na hali. Wapo wanyama wanaotulia hivyo hata pasipo jaribio. Mtafiti Jaap Koolhaas alieleza panya wanaovamia na wanaosubiri, na kila mtindo una mazingira unayoyafaa.

Kamati inaleta hoja mbili kwenye mkutano mkuu. Ya kwanza: mwanachama yeyote anayeshughulika na panya wadogo wa maabara (spishi ndogo, si watoto wa panya) aache kuwainua kwa mkia. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba wanaobebwa ndani ya bomba au kwenye viganja vilivyokunjwa huwa na wasiwasi mdogo na humkaribia mshikaji wenyewe. Hakuna gharama ya kujitetea nayo hapa. Ya pili: kila mpango wa utafiti au wa matunzo utakaoletwa kwa chama uonyeshe mnyama amepewa nafasi gani ya kujiondoa, iwe pa kujificha, pa kusogea au kitu cha kuzungusha, na kama hana, mwombaji aeleze sababu.

Hoja zote mbili zitapigiwa kura. Mwenye marekebisho ayapeleke kwa katibu kwa maandishi kabla ajenda haijafungwa.

Mwenyekiti