Brady mpimeni kwa Catanzaro

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa michezo uliwapanga viungo bora waliowahi kutoka Ireland. Roy Keane mmemweka juu, na hapo hatugombani. Ugomvi wangu ni Liam Brady. Mmemtupa mkiani kwa hoja moja tu, kwamba hakucheza Kombe la Dunia wala fainali za Mataifa ya Ulaya, kwa hiyo eti hana pa kupimiwa. Mimi nasema pa kumpimia papo, panaitwa Catanzaro, na nitafika huko.

Kabla sijafika, kuna kosa dogo. Mmeandika kwamba alibandikwa jina la Chippy kwa ajili ya pasi zake za kuinua mpira juu ya vichwa vya mabeki, zile Waingereza wanazoziita "chip". Sivyo hata kidogo. Aliitwa Chippy kwa sababu alipenda chipsi. Ni kijana wa Dublin, alijiunga na Arsenal mwaka 1971 akiwa na miaka 15, na wenzake walipoona anavyozifakamia chipsi na samaki wakampa jina, likamganda mpaka leo. Gazeti la Kiswahili, ambalo wasomaji wake nusu wanaishi kwa chipsi mayai, lisingepaswa kulikosea hilo.

Mimi Brady nilimjua kwa masikio kwanza. Tarehe 12 Mei 1979 nilikuwa mwanafunzi, nimekaa barazani kwa mjomba hapa Tanga, tunasikiliza fainali ya Kombe la FA kwa redio ya mkulima ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa imeshiba habari za vita vya Kagera. Arsenal na Manchester United. Arsenal wakaongoza mawili bila, Brian Talbot na Frank Stapleton, na mjomba, ambaye alikuwa United damu, akanyamaza kabisa. Dakika ya 86 Gordon McQueen akarudisha moja. Dakika ya 88 Sammy McIlroy akasawazisha. Mjomba alikuwa bado amesimama na mikono juu pale Brady alipouchukua mpira katikati ya uwanja, akakimbia nao, akamsogezea Graham Rix kushoto, krosi, na Alan Sunderland akamalizia. Tatu kwa mbili. Mjomba akazima redio. Alisingizia betri.

Picha za siku ile nimekuja kuziona baada ya miaka mingi sana. Soksi za Brady zimeporomoka hadi kwenye vifundo, amechoka, na bado mpira haumtoki mguuni. Mguu wa kushoto, niongeze, kwa maana wa kulia alikuwa nao wa kusimamia. Katika mabao yote matatu alikuwamo. Mwaka huohuo wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka, na hakuna mtu aliyezaliwa nje ya Muungano wa Uingereza (pamoja na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini) aliyekuwa amewahi kupewa tuzo hiyo kabla yake. Hilo halimo katika makala yenu.

Sasa twende Italia. Ligi ya kule ilikuwa imewafungia mlango wachezaji wa kigeni tangu 1966, baada ya timu yao ya taifa kuaibishwa na Korea Kaskazini kwenye Kombe la Dunia. Mlango ulifunguliwa mwaka 1980, kila klabu mgeni mmoja. Juventus, ambao Aprili ya mwaka ule walitolewa na Arsenal nyumbani kwao Turin katika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, wakamchukua Brady. Fikirini maana yake. Una nafasi moja tu ya mgeni, dunia nzima iko mbele yako, unamchagua mtu wa Dublin. Msimu wa kwanza akawa mfungaji wao bora wa ligi kwa mabao 8, akiwa kiungo, na Juventus wakawa mabingwa. Mabao 8 leo yanachekesha, lakini Italia ya wakati ule bao lilikuwa linatafutwa kwa tochi.

Msimu wa pili, 1981/82, ndiyo habari yenyewe. Sheria ilikuwa inabadilika, kila klabu iruhusiwe wageni wawili. Juventus walikwisha kumpata Zbigniew Boniek wa Poland, na Brady akaamini nafasi ya pili ni yake. Ligi ikiwa ukingoni, akaambiwa kwamba klabu imemsajili Michel Platini. Yeye aondoke. Hakukosa nidhamu, wala hakushuka kiwango, na timu ilikuwa inafukuzia ubingwa wa pili mfululizo akiwa ndani. Ametemwa, na bado mechi zipo za kucheza.

Tarehe 16 Mei 1982, siku ya mwisho ya ligi, Juventus na Fiorentina walikuwa sawa kwa pointi. Fiorentina walikuwa ugenini Cagliari, Juventus ugenini Catanzaro, kule kusini kabisa mwa Italia. Mechi ikawa ngumu, bila bila, saa inakwenda. Dakika ya 75 Juventus wakapata penalti. Na mpiga penalti wa Juventus alikuwa nani? Yuleyule aliyekwisha kuonyeshwa mlango.

Mhariri, nakuomba ujiweke pale. Ukikosa, hakuna wa kukufukuza, umefukuzwa tayari. Ukipata, raha yote unawaachia watu waliokuona hufai, na mwakani mtu mwingine ndiye atakayevaa jezi yako ya bingwa. Tena huyu hakuwa mtu ambaye hajui uchungu wa penalti. Miaka miwili nyuma, kwenye fainali ya Kombe la Washindi mjini Brussels, Arsenal na Valencia walitoka suluhu wakaenda kwenye mikwaju, na mkwaju wa kwanza wa Arsenal ulikuwa wa Brady. Kipa aliudaka. Rix naye akakosa, kombe likaenda Hispania.

Pale Catanzaro, Brady akaweka mpira, akapiga, ukaingia. Moja bila. Fiorentina kule Cagliari bao lao lilikataliwa, wakatoka suluhu, na watu wa Florence wanalilia bao lile hadi leo. Juventus wakatwaa ubingwa wao wa 20, ule uliowapa nyota ya pili kifuani, maana kule kila mataji kumi ya ligi ni nyota moja. Kila nikiiona ile nyota namkumbuka Brady, si Platini, ingawa Platini alikuwa mchezaji mkubwa kuliko yeye na sitabishana na mtu juu ya hilo. Brady akafunga mizigo, akaenda Sampdoria, kisha Inter, kisha Ascoli, mwishowe akarudi London kumalizia West Ham.

Nije kwenye hoja yenu ya Kombe la Dunia. Brady aliichezea Ireland mechi 72. Mngetazama namna alivyozikosa hizo fainali, msingeandika mlivyoandika. Kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1982, Ireland waliwafunga Ufaransa 3-2 mjini Dublin, Platini akiwamo uwanjani na bao akafunga. Mwishoni Ireland na Ufaransa wakalingana pointi. Ufaransa wakapita kwa tofauti ya mabao na kufika nusu fainali. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja Brady akalazimika kumpisha Platini mara mbili, mara moja kwenye timu ya taifa na mara moja kwenye klabu. Hiyo nayo tumhesabie kuwa upungufu wake?

Kisha ikaja 1988, Ireland kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Ulaya. Katika mechi ya mwisho ya kufuzu, nyumbani dhidi ya Bulgaria, Brady alichoka kupigwa viatu, akarudisha, akapewa kadi nyekundu. Hapo kosa ni lake, simtetei. Adhabu ilipunguzwa, lakini goti likaharibika, na wenzake walipowafunga Uingereza mjini Stuttgart kwa bao la Ray Houghton, yeye hakuwamo kikosini.

Ikabaki 1990. Jack Charlton, kocha Mwingereza wa Ireland, alitaka mpira mrefu nyuma ya mabeki na viungo wa kukimbiza. Kiungo anayetuliza mpira alimwona anachelewesha gari. Septemba 1989, katika mechi ya kirafiki na Ujerumani Magharibi pale Dublin, akamtoa Brady kabla hata ya mapumziko, mbele ya watu wa nyumbani kwake. Brady akastaafu timu ya taifa. Wapenzi wa Charlton watasema alifika robo fainali, naye alifika kweli. Ila Kombe hilo la Dunia lilichezwa wapi? Italia. Mtu ameishi Italia miaka saba, amepiga mpira Turin, Genoa, Milan na Ascoli, kombe limekwenda kulekule, na yeye hayumo. Mechi yake ya mwisho ya ligi alikuwa ameicheza Mei 1990, West Ham dhidi ya Wolves, na alifunga bao.

Ukocha wake wa Celtic na Brighton haukumpa jina, nipite. Lakini kuanzia 1996 hadi 2014 alikuwa mkuu wa akademi ya Arsenal. Jack Wilshere alilelewa humo, na huyu Bukayo Saka mnayemwandika kila Jumatatu aliingia pale akiwa mtoto, Brady angali mkuu.

Mwaka 2009 alikuwa pia msaidizi wa kocha wa Ireland. Kocha mwenyewe ni nani? Giovanni Trapattoni, yuleyule aliyekuwa kocha wa Juventus siku ya Catanzaro. Wakaenda Paris kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, Thierry Henry akaushika mpira kwa mkono, William Gallas akafunga, Ufaransa wakapita tena. Henry mchezaji wa zamani wa Arsenal, Gallas wa Arsenal ya wakati ule, na Brady yuko kwenye benchi anatazama.

Sidai mmweke juu ya Keane. Mwekeni panapomstahili, na mkishindwa kukubaliana na mimi kwa hilo, basi angalau ile habari ya chipsi isahihisheni Jumamosi ijayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga