Chenga za Lubumbashi zinatoka kwenye lupango

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya soka la vijana ilitusifu kupita kiasi iliposema Mkongomani anazaliwa na chenga mguuni. Sifa hiyo tunairudisha kwa heshima. Hoja ya damu ndiyo ile ile iliyotumika kumcheka Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, tarehe 22 Juni 1974 kule Gelsenkirchen, alipochomoka kwenye ukuta wa Zaire, Kongo ya leo, na kuubutua mpira kabla Brazil hawajapiga adhabu yao. Ulaya wakasema Mwafrika hajui sheria. Beki aliyekuwa ametwaa Kombe la Mataifa ya Afrika miezi mitatu tu kabla ya hapo! Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira ya posho zisizolipwa na vitisho vya wakubwa baada ya kufungwa 9–0 na Yugoslavia. Akala kadi ya njano, na kicheko hakijaisha.

Hicho mnachokiita damu, sisi makocha tunakiona kikifundishwa kila jioni kwenye mitaa ya Lubumbashi ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na kina vipimo. Chukua lupango, yaani ua wa nyumba, ya mita 20 kwa 12, weka watoto watano kwa watano: kila mmoja ana mita 24 za mraba. Uwanja wa mita 105 kwa 68 wenye wachezaji 22 unampa kila mmoja karibu mita 324, zaidi ya mara 13. Mtoto wa mita 24 hana pa kukimbilia, ni lazima ajue kumpita mtu ndani ya hatua moja. Tena udongo wetu mwekundu wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, mpira unadunda ovyo, basi anautuliza kwa kuukanyaga.

Sheria za lupango zinafundisha kuliko hata ardhi. Aliyeurusha mpira kwa jirani ndiye anayeufuata, akutane na mbwa na mama mwenye nyumba; kwa hiyo hakuna anayepiga shuti la mbali. Goli ni mawe mawili na mpira uliopita juu ya goti haukubaliwi. Kwa hiyo kichwa hakina kazi, na kipa ama hayupo ama ni yule mdogo kuliko wote. Kuotea hakuna. Magoli mawili, aliyefungwa anatoka, maana wengine wanangoja nje. Hii ya mwisho ndiyo inayotugharimu zaidi: mtoto anajifunza kufunga haraka, hajifunzi kulinda goli moja kwa muda mrefu. Utaona timu ya vijana inaongoza 1–0 dakika ya 80, mabeki wa pembeni wote wawili wako mbele, na watazamaji wanashangilia tobo, mpira uliopitishwa katikati ya miguu ya mtu, pale katikati ya uwanja huku pasi ya kurudi kwa kipa wakiizomea. Mashabiki nao wamekulia lupango zile zile.

Shule nyingi za soka zinataka kuifuta lupango kabisa. Zinamchukua mtoto wa miaka 9, zinamweka kwenye uwanja mkubwa na mpira namba 5, na anamaliza mechi akiwa ameugusa mara chache mno. Mpaka miaka 12 mwacheni kwenye nafasi finyu na mpira namba 4. Kuanzia 14 mpeni kile ambacho lupango haikumpa. Mchezo wa dakika 12, kundi moja likianza linaongoza 1–0. Likisawazishiwa, ndilo linalokusanya vifaa. Mabeki wanne wapande na washuke pamoja kwa sauti ya mmoja wao. Goli la upana kamili, mita 7.32, mashuti kutoka mita 18, na mtu mwingine aokote mipira. Hilo la kuokota ni dogo machoni, lakini woga wa kupiga unapungua. Kwenye nyasi bandia kama za uwanja wa Mazembe pale Kamalondo mpira unateleza kwa kasi, anayeukanyaga kwanza anafikiwa na mpinzani. Aupokee kwa upande wa ndani wa mguu ulio mbali na mpira, mwili ukiwa umegeuka nusu kuelekea mbele.

Anayedhani mazoea ya taifa hayageuki aitazame Iceland, nchi ndogo katika baridi na upepo. Tangu 2000 walijenga viwanja vikubwa vya ndani, wakasomesha makocha, na mwaka 2016, wakiwa watu kama 330,000 tu, wakaitoa Uingereza 2–1 kwenye Kombe la Ulaya.

Liko jambo moja ambalo halitegemei uwanja. Kwetu mdogo hampigii kelele yaya wake, yaani mkubwa wake. Kipa wa miaka 17 anaona mshambuliaji ameachwa huru kwenye mwamba wa pili, lakini beki aliye mbele yake ana miaka 28. Anaanza na "yaya, samahani", na mpira umeshaingia. Heshima ibaki, ila timu iwe na maneno ya kazi, mafupi, yasiyotaja jina la mtu: "Yangu!" kipa anatoka, "Nyuma!" una mtu mgongoni, "Panda!" mstari unasogea. Dakika 5 kila siku, na anayenyamaza anarudia zoezi hata akiwa nahodha. Beki mkubwa aelezwe mbele ya wote kwamba anaitikia nafasi ya kipa, umri wake hauguswi. Na kipa akilitamka neno mara ya kwanza kwenye mechi, yaya huyo huyo ndiye amjibu kwa sauti, wenzake wasikie.

Makocha wa timu za vijana,
Kamalondo, Lubumbashi